Mguu ulisema mapema, sisi tukaukanda

Nianze na kigimbi maana stori yangu yote ya bonge la damu lililotoka mguuni likafika mapafuni ilianzia hapo, kigimbi cha mguu wa kushoto, siku ya kumi na moja baada ya kujifungua. Nimelala kwa mama Tanga, mtoto kifuani, nikahisi msuli umekaza vile unavyokazaga ukinyoosha mguu vibaya usiku. Nikaukunja nikaunyoosha, haukuachia. Sikumwambia mtu. Mzazi ana maumivu mengi jamani, mshono unauma, maziwa yanauma, mgongo unauma, sasa kigimbi nacho nani atakisikiliza.

Hiyo ilikuwa 2019, mtoto wangu wa kwanza. Nilijifungulia Dar kwa operesheni baada ya kuhangaika na uchungu siku nzima na usiku wake njia haifunguki. Siku ya tatu nikaruhusiwa, siku ya saba tukapanda basi kwenda Tanga, maana kwetu mzaliwa wa kwanza lazima uende ukalelewe kwa mama, hilo halina mjadala na baba watoto alilijua toka siku ya posa. Nilikaa dirishani, mtoto nimempakata, kakijimto nimekaweka kwenye mshono, na sikunyanyuka hata mara moja mpaka tunafika. Basi liliposimama watu wakashuka kula na kujinyoosha mi nikabaki nimekaa, kushuka zile ngazi na kidonda kile niliona ni kujitesa, na maji nilikunywa funda mbili tu nisije nikabanwa na mkojo njiani. Zaidi ya saa sita nimekunja miguu. Wakati ule nilijiona mjanja kweli nimesafiri bila usumbufu.

Kufika nyumbani ndo arobaini ikaanza rasmi. Asubuhi na jioni shangazi anakuja kunikanda, maji yanatoa moshi, kitambaa kinakamuliwa, tumbo, kiuno, mgongo, mapaja, mshono tu ndo unarukwa. Ukitoka hapo unafungwa tumbo kwa kanga mpaka unahisi mbavu zinasalimiana, unaletewa uji wa pilipili manga, supu, unakunywa, unalala. Ukiamka unanyonyesha, unalala. Hata nepi sifui, hata chakula naletewa kitandani, nikisema nitoke nje nikaote jua naambiwa mzazi hatembeitembei upepo utakuingia huko. Na mimi sikulalamika, tusidanganyane, nani anakataa kudekezwa. Toka niolewe sijawahi kulala vile.

Sasa nina kikuku, cheni nyembamba ya fedha naivaa mguu wa kushoto toka niko mwali. Siku ya kumi na tatu nikaona kikuku kimebana, kimechora mstari kwenye ngozi. Nikakizungusha hakizunguki. Mguu wa kulia uko vilevile wa siku zote, wa kushoto umejaa toka kwenye goti kushuka chini, ngozi inang'aa, ukiugusa una moto kuliko mwenzie. Hapo ndo nikamwita mama.

Mama akaja, shangazi akaja, jirani aliyekuja kumwona mtoto naye akaingia, ikawa baraza la mguu. Shangazi akasema hayo ni maji ya uzazi, yatashuka yenyewe. Jirani akauangaliaaa akasema haya ni matende yanaanza, na usimcheke, pwani yetu sisi tumekua tunawaona wazee wenye matende barabarani, kwahiyo mguu ukivimba ndo ugonjwa wa kwanza kumjia mtu akilini. Jioni akapita bibi mmoja akatoa yake, huyu kakanyaga kitu, alivyoshuka kwenye basi alikanyaga kitu cha watu. Mama akamkatisha, hataki hayo maneno kwake, ila niliona usiku ule kaweka ubani.

Watu watatu, majibu matatu, na sote tuliokuwa mle ndani hakuna aliyeuliza kwanini mmoja. Maji ya uzazi yanavimbisha miguu yote miwili, kila aliyezaa anajua. Matende hayaji kwa siku mbili. Ule mguu ulikuwa unajieleza wenyewe pale kitandani, wa kushoto tu, wa ghafla, una moto, una maumivu, kwa mzazi wa operesheni aliyetoka safari na amelala wiki. Leo nikisoma hiyo sentensi naona kama imeandikwa kwa wino mwekundu. Siku ile tuliamua ukandwe na mafuta ya nazi ya moto.

Shangazi ana mikono ya kazi. Alianzia kwenye kifundo akapandisha juu, anakamua, anapandisha, siku mbili asubuhi na jioni, mi nauma kanga nisipige kelele. Simlaumu. Nilimpa mguu mwenyewe, na alikuwa anafanya kile ambacho amefanyia wanawake wa ukoo mzima na wakapona.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi na sita nikaamka na kichomi. Chini ya ubavu wa kulia kwa nyuma, kama sindano ya magunia. Nikivuta pumzi inafika nusu inagota. Nikakaa kitandani, nikaona nikikaa ni nafuu kidogo kuliko kulala, nikanyonyesha hivyohivyo nimekaa mpaka adhana ya alfajiri. Mama akasema baridi ya uzazi hiyo, umelala dirisha wazi. Tangawizi, mafuta ya karafuu mgongoni, kanga mbili. Mchana nikapelekwa zahanati ya karibu. Nilitobolewa kidole kipimo cha malaria, hakuna, akanisikiliza mgongoni, akasema kichomi, nimonia inaanza, nikapewa dawa za kumeza nikarudi nyumbani.

Nataka niseme kitu hapa kwasababu watu wakisikia hii stori wanarukia kumtukana yule wa zahanati. Yeye hakuuliza mguu na mimi sikusema mguu. Nilivaa dera refu, mguu umefunikwa. Kichwani mwangu mguu ulikuwa shida moja na kifua shida nyingine, ya mguu iko kwa shangazi na ya kifua iko kwa daktari, nimezigawanya mwenyewe kama mtu anayepeleka redio kwa fundi huyu na pasi kwa fundi yule. Nani angeniambia ni kitu kimoja kimesafiri?

Kesho yake asubuhi nikaenda chooni. Nakumbuka nimeshika ukuta, nakumbuka moyo unakimbia kama nimetoka kukimbizwa na mbwa na wakati nimetembea hatua kumi, afu jasho la baridi, afu sikumbuki. Mama alisikia ndoo imeanguka. Alinikuta chini, midomo anasema ilikuwa rangi ya zambarau, na akapiga yowe ambalo majirani wanalisimulia mpaka leo. Bajaji. Mtoto kabakia na shangazi analia njaa, mi kwenye bajaji nimeegemea bega la mama nahesabu pumzi, nikadhani nakufa, na sio kwa kutia chumvi, kuna hisia inakuja ya kwamba sasa basi, madaktari wenyewe baadae waliniambia wagonjwa wengi wa hili tatizo wanaisema.

Hospitalini wakanibana kidole kile kimashine kidogo cha kupima oksijeni kwenye damu, ikasoma 84, chini mno. Mapigo ya moyo 132. Nikawekewa oksijeni. Akaja daktari binti mdogo, nadhani alikuwa bado yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini, macho yamevimba hajalala, mama alivyomwona nikaona uso wake umekunjamana, yani mwanangu anakufa mnaniletea mtoto wa shule. Yule binti hakushika kifua kwanza. Aliuliza umejifungua lini, kawaida au operesheni, umesafiri, umekuwa ukitembea au umelala, umekohoa damu, afu akauliza, miguu haijavimba? Mama akajibu haraka, mmoja tu dokta, huo unakandwa. Yule binti akanyamaza kama sekunde mbili. Akapandisha dera.

Akamuuliza nesi futi ya kupimia iko wapi, ikatafutwa kwenye droo haionekani. Mama yangu ni fundi cherehani, miaka yote hiyo hatoki nyumbani bila futi yake, ile ya kujikunja ya njano, akaitoa kwenye pochi. Daktari akapapasa kile kifupa chini ya goti, akashuka sentimita kumi, akazungusha. Kulia 36. Kushoto 41. Akarudia kushoto. 41. Akamgeukia mama akamwambia taratibu, mama huu mguu usiguswe tena na mtu.

Nikachomwa sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda palepale kabla hata ya vipimo vikubwa, walisema dalili zinatosha kuanza, kusubiri picha ni kuhatarisha. Mchana nikapigwa altrasaundi ya mguu. Hii ilinifurahisha hata katika hali ile, yule mtaalamu anabonyeza na kile kifaa juu ya mshipa, akaanza na mguu usio na shida, akanionyesha kwenye skrini, ona, nikibonyeza mshipa unajifunga, maana ndani kuna damu tu, laini. Akaja wa kushoto, anabonyeza pajani, haujifungi. Anabonyeza, haujifungi. Ndani kumeziba, kuna bonge la damu. Kutoka nyuma ya goti mpaka kwenye kinena.

Kesho yake siti skani ya kifua. Wanakuwekea dawa ya kwenye mshipa ili picha ionyeshe mishipa ya mapafu, na hiyo dawa ikiingia unahisi joto limekupanda kooni likashuka mpaka chini na unaapa umejikojolea. Hujajikojolea. Naandika hivi kwa ajili ya atakayepimwa, asishtuke. Majibu, mabonge ya damu mapafu yote mawili, kubwa zaidi upande wa kulia, kule kwenye kichomi. Na moyo upande wake wa kulia umetanuka kwa kusukuma kitu kisichopita.

Yule daktari binti alikuja jioni kanikuta nimetulia kidogo, akavuta kiti, na alivyonielezea ndo namna ninavyowaelezea watu mpaka leo. Damu kushuka miguuni haina shida, shida ni kurudi juu. Inarudishwa na kigimbi. Ukitembea kigimbi kinakaza kinaachia, kinakaza kinaachia, kila kikikaza kinasukuma damu kupanda. Ukilala wiki mbili, pampu imezimwa, damu inatuama. Sasa ongeza na mimba, mwili wa mjamzito unafanya damu iwe rahisi kuganda makusudi kabisa ili siku ya kuzaa usitoke damu ukafa, na hali hiyo haiishi siku ya kuzaa, wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndo hatari yake iko juu zaidi. Ongeza operesheni, mishipa imeguswa. Ongeza basi la Tanga na funda mbili za maji. Na kwanini wa kushoto? Kuna mshipa wa damu inayorudi kutoka mguu wa kushoto unapita chini ya mshipa mwingine mkubwa kule kwenye nyonga, unakandamizwa kwa asili, na mimba inaukandamiza zaidi, ndo maana wajawazito na wazazi wengi wakipata hili linawapata kushoto.

Bonge likimeguka linapanda na damu, linapita kwenye moyo linatoka, linakwenda kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Hewa unavuta vizuri tu, inaingia, ila damu ya kuibeba haifiki pale. Ndo maana nilikuwa navuta na sishibi.

Mama akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. Ni kule kukandwa? Daktari hakukwepa, akasema kukamua mguu wenye bonge kunaweza kulimegua, msifanye tena, ila pia lingeweza kumeguka lenyewe akiwa amelala hajaguswa, hakuna anayeweza kujua. Mama alisikia nusu ya kwanza tu. Alikaa miezi akiwa hawezi kumwangalia shangazi, na shangazi naye akaacha kukanda watu kabisa kwa muda, na hilo lilinisumbua kuliko mguu.

Nililala siku tisa. Nilidhani zile sindano zinayeyusha mabonge, kumbe hapana, zinazuia yasikue na yasiongezeke mengine, kuyeyusha mwili unafanya wenyewe polepole. Kuna dawa ya kuyeyusha kwa nguvu lakini wanaiweka kwa mtu ambaye presha imeporomoka kabisa, na mimi nina kidonda cha operesheni cha wiki mbili, ningeweza kuvuja damu ndani. Presha yangu ilishika, alhamdulillah, haikuhitajika.

Baada ya hapo nikaanzishiwa warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda. Hapa kuna kisa. Mdogo wangu wa kiume akaingia mtandaoni akasoma, akampigia mama simu usiku, mama dada anapewa sumu ya panya! Mama kesho yake kaenda wodini kasimama kama askari. Daktari akacheka, akasema ni kweli na sio uongo. Zamani huko Marekani na Kanada miaka ya 1920 ng'ombe walikuwa wanakula majani makavu yaliyooza wanavuja damu mpaka wanafa, wakatafuta ni nini kwenye yale majani, huko Wisconsin wakakipata, wakatengeneza sumu ya panya 1948, na miaka michache baadae ikawa dawa ya binadamu, mpaka rais wao Eisenhower alipewa alipougua moyo 1955. Tofauti ni kipimo. Mama akasema sawa, ila kipimo hicho nani anakiangalia? Swali zuri kuliko alivyodhani.

Maana hicho kipimo ndo maisha yangu kwa miezi sita. Kuna kipimo cha damu kinaitwa INR, wanatoa damu wanaangalia inachukua muda gani kuganda, kwa mimi walitaka kati ya 2 na 3. Ikiwa chini bonge linaweza kurudi, ikiwa juu sana unaweza kutoka damu. Mwanzo kila siku chache, afu kila wiki, afu kila mwezi. Wiki ya tano nilikuwa nimetulia kwenye 2.4, wiki ya sita nikaanguka 1.4. Daktari ananiuliza umeruka vidonge? Sijaruka. Umekula nini? Kumbe mama kaniona nimepungua kanipikia kisamvu cha nazi wiki nzima, na unga wa mlonge kwenye uji kwa ajili ya kuongeza damu. Majani ya kijani yana vitamini K na hiyo inapigana na warfarini. Haimaanishi usile mchicha, hapo watu wengi wanakosea wanaacha mboga kabisa wanabaki na wali maharage, maana yake ule kiasi kilekile wiki hadi wiki ili dozi iendane nacho. Mlonge ndo niliuacha. Na dawa za maumivu za kununua tu dukani, diklofenaki, aspirini, nikakatazwa, zinaongeza hatari ya kutoka damu, ikawa ni panado tu. Kunyonyesha niliruhusiwa, warfarini haipiti kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto, kuna vidonge vingine vipya visivyohitaji kupimwapimwa ila kwa anayenyonyesha havishauriwi. Hedhi iliporudi, jamani. Sitaelezea. Aliyepitia anajua.

Kliniki ya mtoto nesi akanishauri uzazi wa mpango, akanipa vidonge vya majira, mwenyewe nilikuwa nishajifunza kuongea nikamwambia mimi nimepata bonge la damu kwenye mapafu. Akavirudisha haraka. Vile vya mchanganyiko vina homoni ya estrojeni inayoongeza kuganda kwa damu, kwa mtu kama mimi ni marufuku. Nikawekwa kijiti. Na nikaambiwa kitu kingine ambacho naona hakisemwi vya kutosha, ukiwa kwenye warfarini usishike mimba hivihivi, inaweza kumharibu mtoto tumboni hasa miezi mitatu ya kwanza, mimba inapangwa, dawa inabadilishwa mapema.

Watu wanadhani ukitoka hospitali umepona. Miezi minne nilikuwa napanda ngazi za ghorofa moja napumzika katikati kama bibi. Mguu jioni unajaa, ukiuinua unapungua, mpaka leo siku za joto unanikumbusha. Ila kikubwa zaidi ni hofu. Kila kichomi, kila gesi iliyopanda, nilikuwa naamka usiku najipima pumzi. Nimewahi kwenda hospitali mara tatu na gesi. Mara ya tatu nikamwomba daktari samahani, akaniambia njoo hata mara kumi, afadhali nikurudishe na gesi.

Mdogo wangu huyohuyo wa sumu ya panya ndo akaja kunipa kitu kilichonisaidia kichwani. Akanitumia habari za Serena Williams, yule wa tenisi. Mwaka 2011 alishapata mabonge kwenye mapafu. 2017 akajifungua kwa operesheni, kesho yake akahisi pumzi inakata, akamfuata nesi mwenyewe akamwambia nahitaji siti skani na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akadhani dawa za maumivu zinamchanganya. Daktari akaja akampima miguu kwa altrasaundi, safi haina kitu. Serena akang'ang'ania siti skani, na walipompiga wakakuta mabonge madogo kwenye mapafu. Mi nilisoma nikakaa kimya. Kwanza kumbe miguu inaweza kuonekana safi na mapafu yana kitu. Pili, huyu mwanamke ni tajiri, yuko Marekani, anajulikana dunia nzima, na bado ilibidi agombane. Aliweza kugombana kwasababu alilijua jina la ugonjwa wake. Mimi nilikuwa na jina kichomi tu, na kichomi dawa yake tangawizi.

2023 nikabeba mimba ya pili, safari hii kwa mpango. Toka wiki ya nane nikaanza kujichoma sindano ya Clexane, dawa ya kuzuia damu kuganda, tumboni kila siku usiku saa tatu, mpaka uchungu, na wiki sita baada ya kujifungua. Siku ya kwanza nilikaa na sindano mkononi dakika arobaini. Unabana nyama ya tumbo, unaingiza wima, usisugue baadae, nilisugua siku ya kwanza nikapata jeraha la bluu kama nimepigwa ngumi. Zilikuwa ghali, sindano moja ilikuwa inakaribia bei ya kuku wa kienyeji, baba watoto akawa anatania kila ikifika saa tatu usiku, haya mama chinja kuku wako tulale. Zilizotumika nilikuwa naziweka kwenye dumu la mafuta la lita tano lenye kifuniko, likijaa linapelekwa hospitali kuchomwa. Zilifika mia mbili sitini na kitu, nilikuwa nahesabu.

Na arobaini ya pili mama ndo alikuja Dar, sikupanda basi. Nilidhani atasema hakuna tena kukandwa, hakuna tena chochote, kumbe alikuwa kakaa anawaza miaka minne yote ile. Alikuja na shangazi. Walivyoshuka wote wawili na mabegi nikalia. Shangazi akanikanda mgongo na kiuno kama kawaida, maji ya moto kama kawaida, alipofika mapajani akasimama akakunja kitambaa, hapa mwisho wangu. Uji wa pilipili manga upo. Ila kulala hakuna. Jioni na asubuhi na mchana mama ananiamsha, haya zunguka nyumba mara tano, namwambia mama mshono unauma, ananiambia nenda pole pole lakini nenda. Maji lita kadhaa ananiwekea chupa mbele ya macho. Majirani wa Dar walikuwa wanashangaa mzazi wa siku nne anazunguka nyumba na kanga kiunoni, mmoja akamwambia mama upepo utamwingia huyo, mama akamjibu upepo hauna shida mwenzangu.

Halafu kila usiku baada ya sindano anatoa futi ile ya njano. Kifupa chini ya goti, sentimita kumi, anazungusha kulia, anazungusha kushoto, anaandika. Wa kushoto unazidi kidogo siku zote toka ule mwaka, anajua, anachotafuta yeye ni uzidi ghafla. Wiki iliyopita nilikuwa kwake Tanga natafuta karatasi nimwandikie mtu namba, nikafungua daftari lake la oda za wateja. Kati ya gauni la harusi, kifua 98, kiuno 80, na sare za shule za watoto wawili, kuna kurasa tatu nzima, hazina jina la mteja wala bei, tarehe tu na namba mbili mbili zinashuka chini, 36 na 37, 36 na 37, 36 na 37 na nusu, hapo kazungushia duara kwa kalamu nyekundu, siku inayofuata 36 na 37.